Ekimozi: Neno la Kigiriki kwenye Paja la Shangazi

Mwaka jana shangazi yangu aliteleza uani kwetu Buyenzi, mjini Bujumbura, akaumia paja. Kwenye karatasi aliyopewa zahanati paliandikwa neno moja la Kifaransa: ecchymose. "Mwanangu, huu ni ugonjwa gani?" aliniuliza kwa hofu. Nilishindwa kumjibu, nami nasoma lugha chuo kikuu. Wiki nzima nililitafuta neno hilo.

Asili yake ni Kigiriki. Ek maana yake ni "nje", na khymos ni "utomvu" au "majimaji". Neno limo katika maandishi ya tiba yanayohusishwa na Hippocrates, aliyezaliwa katika kisiwa cha Kos yapata mwaka 460 kabla ya Kristo. Katika karne ya 2 baada ya Kristo, tabibu Galen alishikilia kwamba afya hutegemea uwiano wa majimaji manne: damu, kohozi, nyongo ya manjano na nyongo nyeusi. Kwa fikra hiyo, ekimozi ni majimaji yaliyomwagika nje ya mahali pake.

Mwaka 1628 William Harvey alichapisha hoja kwamba damu huzunguka mwilini. Mwaka 1661 Marcello Malpighi alieleza vimishipa vyembamba alivyoviona kwa hadubini katika mapafu ya chura. Leo tunajua kwamba pigo hupasua vimishipa vya namna hiyo, damu ikavujia chini ya ngozi. Nadharia ya majimaji manne ilikufa, lakini neno lilibaki.

Kiswahili nacho kina neno lake: damu imevilia, yaani imekusanyika na kuganda chini ya ngozi. Kigiriki kinataja damu inavyotoka. Kiswahili kinataja inavyokwama. Kila lugha imeona nusu ya tukio lilelile.

Wapo watakaosema neno la kitaalamu ni sahihi zaidi. Nakubali kwamba daktari analihitaji, kwa kuwa hutenganisha ekimozi, ambayo ni baka pana, na vidoa vidogo vya damu viitwavyo petekia. Lakini mgonjwa naye anahitaji neno la kusemea. Hasa kwenye ngozi nyeusi, baka huweza kumpita mtazamaji, na maelezo ya mgonjwa ndiyo yanayoliibua.

Nilipomwambia shangazi kwamba ni damu imevilia, alicheka. Kisha akapandisha mkono wa gauni. "Basi na hapa imevilia, wala sikugongwa popote." Damu kuvilia bila pigo si jambo la kupuuza: huenda chanzo ni dawa, au hitilafu katika kuganda kwa damu. Kesho yake tulirudi zahanati. Safari hii alieleza mwenyewe, kwa Kiswahili, na muuguzi akaanza kumwuliza dawa anazotumia.