Kiraka, Kifurushi na Lugha: Zana za Linux na Nafasi ya Kiiraqw cha Mbulu na Hanang

Historia ya Linux huelezwa mara nyingi kwa majina ya waasisi wake. Makala haya yanaitazama kupitia zana za kujenga vifurushi vya programu na kuvitia viraka. Yanahoji kwamba zana hizo ziliifungulia lugha ya Kiswahili mlango wa kompyuta, ilhali zinadhihirisha kikwazo kinachoikabili lugha ya Kiiraqw katika wilaya za Mbulu na Hanang, mkoani Manyara.

Zana za msingi zilitangulia Linux, iliyotangazwa mwaka 1991. Programu ya diff, iliyobuniwa Bell Labs mwanzoni mwa miaka ya 1970, hulinganisha mafaili mawili na kuorodhesha mistari inayotofautiana. Programu ya make, ya Stuart Feldman (1976), hujenga upya sehemu zilizobadilika tu. Mwaka 1985 Larry Wall alitoa patch, inayoipokea orodha ya diff na kuitia katika msimbo chanzo. Tangu hapo, aliyerekebisha mistari kumi hakulazimika kutuma programu nzima. Debian, iliyoanzishwa mwaka 1993, ilijenga utaratibu wa vifurushi ambamo msimbo asilia na viraka hutenganishwa, ili kila badiliko liweze kukaguliwa. Nayo gettext ya mradi wa GNU (1995) iliyatenga maneno ya skrini na msimbo, hivyo mfasiri hakuhitaji kuwa mwandishi wa programu.

Kiswahili kilinufaika na uwazi huo. Mradi wa Kilinux, ulioendeshwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa ushirikiano na kampuni ya it+46 ya Sweden, ulitoa Jambo OpenOffice mwezi Desemba 2004. Hata hivyo, kifurushi kilichojengwa mara moja huzeeka. Waendelezaji wengi wa OpenOffice walipohamia LibreOffice mwaka 2010, ilidhihirika kwamba tafsiri hudumu pale tu inapounganishwa na msimbo mkuu na kupata watunzaji.

Katika Mbulu na Hanang suala ni zito zaidi. Kiiraqw ni lugha ya Kikushi, na tahajia yake iliyozoeleka huandika sauti mojawapo ya kooni kwa mkwaju (/). Katika Linux, kama ilivyokuwa katika Unix, mkwaju hutenganisha majina ya folda. Kwa hiyo hauwezi kuwa sehemu ya jina la faili. Ndani ya matini herufi hiyo haina tatizo, na gettext huipokea. Tatizo huanza pale mwalimu anapotaka kuhifadhi hadithi kwa jina lake halisi.

Hapa kiraka kidogo hakitoshi, kwa kuwa takribani programu zote hutegemea kanuni hiyo. Njia iliyobaki ni kubadili herufi, nayo ina gharama: maandishi yaliyokwisha kuchapishwa yangeachana na yale mapya, na uamuzi huo ni wa wasemaji wenyewe, si wa wahandisi.

Kwa hiyo, uhuru wa kurekebisha msimbo ni sharti la lazima lakini halijitoshelezi. Kiswahili kilipata chuo kikuu, wafadhili na wafasiri. Kiiraqw kina msimbo wake wa kimataifa wa lugha, irk, na zana zile zile zipo bila malipo. Kinachohitajika ni makubaliano ya tahajia na watunzaji watakaobaki baada ya mradi kwisha.