MAWAKILI WA SANDUKU: UTUNZAJI WA HAZINA KATIKA KANISA

Neno "wakili" humpeleka msikilizaji wa leo mahakamani. Katika Biblia ya Kiswahili, hata hivyo, wakili ni msimamizi wa mali isiyo yake, na Erasto anayetajwa mwishoni mwa Waraka kwa Warumi alikuwa wakili wa mji, yaani mtunza hazina wake. Ndiyo maana katika sharika za Kilutheri nchini Tanzania fundisho la utoaji huitwa uwakili. Haifai kusahau pia kwamba mtunza mfuko wa kwanza katika Injili alikuwa Yuda Iskariote, na Yohana hasiti kumwita mwizi.

Kanisa la kwanza lilijifunza mapema. Manung'uniko juu ya wajane waliosahauliwa katika huduma ya kila siku ndiyo yaliyoleta uchaguzi wa wale saba katika Matendo ya Mitume sura ya 6. Naye Paulo, alipokusanya changizo kwa ajili ya watakatifu wa Yerusalemu, alikubali ndugu aliyechaguliwa na makanisa asafiri pamoja naye, ili lawama isipate pa kuingilia. Mtume hakuona kwamba kusindikizwa ni kuvunjiwa heshima, ingawa wapo watunza hazina waliokasirika kwa sababu tu mkaguzi ameomba kuona stakabadhi.

Kwa Walutheri, mfano ulio wazi kuliko yote unatoka Leisnig, mji mdogo wa Saksonia. Mwaka 1523 usharika wa hapo uliandika utaratibu wa sanduku la pamoja, na Martin Luther mwenyewe akauandikia dibaji na kuupeleka kuchapwa. Mapato ya zamani ya kanisa, pamoja na sadaka na wasia, yalitakiwa kuingia katika sanduku moja. Humo zingetoka posho za wachungaji, mshahara wa mwalimu, matengenezo ya majengo na msaada kwa maskini, yatima na wazee, pamoja na akiba ya nafaka kwa miaka ya njaa. Wasimamizi walikuwa kumi, wakichaguliwa kila mwaka: wawili kutoka kwa wakuu, wawili kutoka baraza la mji, watatu raia wa kawaida na watatu wakulima wa vijijini. Sanduku lilikuwa na kufuli nne tofauti, kila kundi likishika ufunguo wake, hata mkuu asiweze kulifungua bila mkulima. Walikutana kila Jumapili, tangu saa tano asubuhi hadi saa nane mchana, na mara tatu kwa mwaka usharika wote ulikusanyika kusikia hesabu.

Utaratibu huo haukwenda kama ulivyoandikwa. Baraza la mji lilikataa kukabidhi mali ya kanisa iliyokuwa mikononi mwake, na Luther alilazimika kumwandikia Mteule Frederick kulalamika. Kufuli nne hazina kazi ikiwa fedha yenyewe haijafika sandukuni. Johannes Bugenhagen, katika utaratibu wa kanisa la Braunschweig wa mwaka 1528, alitenganisha sanduku la maskini na lile la mishahara na majengo, hatua ya busara, kwa kuwa paa linalovuja hupiga kelele kuliko mjane.

Mafundisho ya Matengenezo yalifika Kilimanjaro na Misioni ya Leipzig mwaka 1893. Kwa miaka mingi vitabu vya fedha vilikaa mezani kwa mmisionari, lakini baada ya Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani walipofukuzwa mwaka 1920, walimu na wazee wenyeji ndio waliobaki na sharika. Kanisa la Kiinjili la Kilutheri lilipoungana mwaka 1963, hesabu za sharika zilihitaji wazee waliokwisha kuzoea kuulizana.

Sehemu kubwa ya sadaka haikuwa fedha. Zililetwa ndizi, mahindi, kuku na mayai, na baada ya ibada vikapigwa mnada nje ya kanisa, bei ikaandikwa daftarini mbele ya watu. Watu wa Leisnig wasingeshangaa: utaratibu wao wa mwaka 1523 uliagiza vyombo viwili viwekwe kanisani daima, kwa ajili ya mikate, jibini, nyama na mayai.