Bodi Iliyolinda Milango: Kamari na Serikali ya Kenya, 1966–2025

Agosti 2025 Rais William Ruto alitia saini Sheria ya Kudhibiti Kamari, na kwa saini hiyo safari ya Bodi ya Kudhibiti na Kutoa Leseni za Kamari ikafika ukingoni. Wakenya wengi waliijua kwa herufi nne tu, BCLB, zilizosomwa mbiombio mwishoni mwa matangazo ya redio au kuchapishwa kwa maandishi madogo chini ya mabango. Ilikuwa imeishi miaka 59. Inastahili kukumbukwa kwa haki: kwa kazi iliyoifanya vyema, na kwa kazi moja kubwa ambayo hakuna aliyeikabidhi.

Ilizaliwa mwaka 1966, miaka mitatu baada ya uhuru, kwa sheria ya kubashiri, bahati nasibu na michezo ya kamari, Sura ya 131 ya Sheria za Kenya. Utangulizi wa sheria hiyo unataja makusudi yake waziwazi: kudhibiti majumba ya kubashiri na ya kamari na kuyapa leseni, kutoza na kukusanya kodi ya michezo hiyo, kuidhinisha bahati nasibu za umma, na mambo yanayoambatana na hayo. Majumba yamo, kodi imo, tiketi zimo. Mchezaji aliyepoteza karo ya mtoto wake hayumo. Wabunge wa wakati ule hawakuwa na moyo mgumu. Waliitungia sheria kamari waliyoiona, na kamari waliyoiona ilikuwa na nyumba, nyumba ikiwa na mlango, na mlangoni pakiwa na mtu wa kuulizwa leseni iko wapi.

Ndivyo mambo yalivyokuwa kweli. Mbio za farasi zilikuwa urithi wa walowezi, na barabara ya Racecourse jijini Nairobi ingali na jina la uwanja wa zamani, uliotumika kabla ya mbio kuhamia Ngong Road katika miaka ya 1950. Aliyetaka kubashiri alisafiri hadi uwanjani, akalipa kiingilio, akamkabidhi dau lake mtu aliyeidhinishwa. Kasino zilifunguliwa Nairobi na Mombasa, nyingi zikitegemea watalii na wenye nafasi. Mwananchi wa kawaida alikuwa na tiketi yake ya Kenya Charity Sweepstake aliyoinunua kibandani na kuikunja mfukoni akisubiri droo. Huko mitaani, kando ya vituo vya mabasi, kulikuwa na pata potea: karata tatu, mkono mwepesi, na kundi la wenzake mchezeshaji waliojifanya wapita njia. Huo haukuwa na leseni wala haungeipata, na waliofukuzana nao walikuwa polisi.

Katika mazingira hayo Bodi ilifanya kazi ya uangalizi ambayo watu wachache waliishukuru. Droo ya bahati nasibu ilihitaji ofisa wake kuwapo ili mshindi awe mshindi wa kweli. Kampuni ya sabuni au ya soda iliyotaka kugawa zawadi kwa wateja ililazimika kwanza kuomba kibali. Maofisa walikagua kumbi za kasino, wakawachunguza waombaji leseni, wakadai bahati nasibu za hisani zitoe fungu lake kwa hisani iliyotajwa. Ni kazi isiyo na sifa, kwa sababu ikifanywa vizuri hakuna habari ya kuandika. Kwa zaidi ya miongo minne, uhakika wa Mkenya kwamba tiketi aliyoinunua ilikuwa imo kwenye pipa la droo ulitokana kwa sehemu kubwa na maofisa hao.

Katiba ya 2010 iligawa mamlaka: Jedwali la Nne likaiachia Serikali ya Kitaifa kamari ya ngazi ya taifa, na kaunti zikapewa kubashiri na kasino miongoni mwa shughuli za burudani za umma. Mivutano ya nani atoe leseni gani ikaanza. Lakini wakati wanasheria wakibishana juu ya majumba, kamari ilikuwa imeanza kuhama kabisa majumbani.

Machi 2007 Safaricom ilizindua M-Pesa. Mwishoni mwa 2012 ikaja M-Shwari, na mtu akaweza kukopa kwa simu ile ile aliyotumia pesa. Mwaka 2014 SportPesa ikaanza kupokea madau ya kandanda kwa simu, na baada yake zikaja kampuni nyingine nyingi. Kila kitu ambacho sheria ya 1966 ilikitegemea kilitoweka hapo. Mlango haukuwapo, wala saa ya kufunga, wala mhudumu wa kumwangalia mteja usoni na kumwambia, ‘Kijana, leo inatosha, nenda nyumbani.’ Umri wa miaka 18 ulibaki katika masharti, ila laini nyingi za simu zilikuwa zimesajiliwa kwa kitambulisho cha mzazi au cha kaka. Mshahara, mkopo na dau vilikaa mfuko mmoja, vikitenganishwa na tarakimu nne za siri.

Ukichanganya hayo na mapenzi ya Wakenya kwa kandanda, hasa ya Uingereza, utaelewa kasi iliyofuata. Nembo ya SportPesa ilikaa vifuani mwa Gor Mahia na AFC Leopards, na kuanzia mwaka 2017 vifuani mwa Everton pia. Julai mwaka huo Everton ilicheza na Gor Mahia Dar es Salaam, Wayne Rooney akafunga kwa shuti la mbali, na kwa vijana wengi wa Afrika Mashariki jina la kampuni ya kubashiri likawa sehemu ya furaha ya mpira. Miezi miwili kabla, mshindi mmoja alikuwa amejinyakulia shilingi milioni 221 za jakpoti, na picha yake ikazunguka nchi nzima. Walioshindwa wiki hiyo hawakupigwa picha. Utafiti wa GeoPoll wa 2017 uliwakuta vijana wa Kenya wakiongoza miongoni mwa nchi za Afrika zilizochunguzwa: asilimia 76 ya waliohojiwa, wenye umri wa miaka 17 hadi 35, walisema wamewahi kucheza kamari, na wengi wao walitumia simu.

Hapo Serikali ikaamka, na silaha ya kwanza iliyoishika ilikuwa kodi. Sheria ya Fedha ya 2016 ilitoza asilimia 7.5 ya mapato ya kampuni za kubashiri. Machi 2017 Waziri wa Fedha Henry Rotich akapendekeza asilimia 50 kwa michezo yote ya kamari, akisema anataka kuwalinda vijana. Bunge likalikataa pendekezo hilo, Rais Uhuru Kenyatta naye akakataa kuutia saini mswada usio nalo, na mwishowe wakakubaliana asilimia 35 kuanzia Januari 2018. Mara moja SportPesa ikafuta udhamini wake kwa klabu na mashirikisho ya michezo nchini. Kabla mwaka huo haujaisha kodi ikashushwa hadi asilimia 15, na ushindi wa mchezaji ukatozwa asilimia 20. Mwishoni mwa 2019 ukaongezwa ushuru wa asilimia 20 kwa kila dau, ukafutwa 2020, ukarudi 2021 kwa asilimia 7.5, ukapanda hadi 12.5 mwaka 2023, kisha 15 mwishoni mwa 2024.

Nimeyapanga mabadiliko hayo yote kwa sababu yanaonyesha mahali macho ya nchi yalipoelekezwa. Karibu miaka kumi tulibishana juu ya kiasi ambacho Hazina ichukue. Swali la fedha hizo zimtibu nani halikupata hata nusu ya muda huo. Mwaka 2018 uliundwa Mfuko wa Michezo, Sanaa na Maendeleo ya Jamii, ukilishwa na kodi ya kamari. Timu za taifa zimesafiri kwa fedha za mfuko huo na viwanja vimejengwa, nami sina ugomvi na viwanja. Ila jina la mfuko lina mambo matatu, na uraibu wa kamari si mojawapo.

Bodi yenyewe ilipambana kwa zana ilizokuwa nazo. Katika mwaka 2018 machifu na polisi walizikusanya na kuziteketeza mashine za kamari za sarafu ya shilingi 20 zilizokuwa zimejaa vijijini, baadhi zikiwa hatua chache kutoka lango la shule. Aprili 2019 Bodi ilitoa masharti makali ya matangazo: mabango yaondolewe, watu mashuhuri wasitumiwe, redio na televisheni zisitangaze kamari kati ya saa 12 asubuhi na saa 4 usiku. Masharti yakapelekwa mahakamani. Julai mwaka huo, chini ya Waziri wa Usalama wa Ndani Fred Matiang’i, leseni za kampuni 27 hazikuhuishwa na Safaricom ikaagizwa kuzifunga nambari zao za paybill. Kufikia mwisho wa Septemba SportPesa na Betin zilikuwa zimefunga shughuli zao nchini. Ilikuwa mara ya kwanza Bodi kuugundua mlango mpya ulipo: si jumba, ni nambari ya malipo. Lakini wachezaji hawakuacha. Walihamia kampuni zilizobaki.

Kwa nini hawakuacha? Shirika la Afya Duniani limeuorodhesha uraibu wa kamari miongoni mwa magonjwa, katika kundi moja na matatizo ya pombe na dawa za kulevya. Mgonjwa hushindwa kujizuia hata anapoona wazi anavyoangamia. Hukimbiza hasara kwa dau kubwa zaidi, hukopa, huficha, huuza. Jamaa ndio hugundua mwisho: pikipiki ya bodaboda iliyopotea haikuibwa, hati ya shamba iko kwa mkopeshaji, pesa za chama hazipo. Familia yenye mlevi ina pa kuanzia, kwa kuwa sheria ya 2012 iliipa NACADA jukumu la pombe na dawa za kulevya, na nambari yake ya 1192 inajulikana. Kwa mgonjwa wa kamari Sura ya 131 haikuwa na ukurasa. Bodi ingeweza kumfungia mwenye kampuni. Aliyeumia haikuwa na pa kumpeleka.

Uingereza, ambako ligi tunayoibashiri huchezwa, ilichelewa pia, na kuchelewa kwake kuna la kutufunza. Sheria yake ya Kamari ya 2005 ilikuwa na kifungu cha 123, kinachompa waziri uwezo wa kuzitoza kampuni tozo ya lazima. Kifungu hicho kilikaa karibu miaka 20 bila kuguswa. Badala yake kampuni zilichangia kwa hiari kupitia shirika la hisani ambalo hatimaye liliitwa GambleAware. Masharti ya leseni yalizitaka zichangie bila kutaja kiwango cha chini kabisa, kwa hiyo aliyesababisha madhara ndiye aliyeamua bei yake. Mwaka 2022 huduma ya afya ya England ilitangaza kwamba kliniki zake za kamari hazitapokea tena fedha hizo. Madaktari hawakutaka kumtegemea anayefaidika na ugonjwa. Wazazi waliofiwa, miongoni mwao Charles na Liz Ritchie waliomzika mwana wao na kuanzisha shirika la Gambling with Lives, waliisukuma Serikali mwaka baada ya mwaka. Aprili 2025 tozo ya lazima ikaanza: kati ya asilimia 0.1 na 1.1 ya mapato ya kampuni kwa kutegemea aina ya mchezo, ikilenga pauni milioni 100 kwa mwaka. Nusu ni ya tiba, asilimia 30 ya kinga, 20 ya utafiti. Kampuni hulipa, na haina sauti juu ya matumizi.

Mwezi huo huo Kenya ilikuwa imeshikwa na mchezo mwingine, Aviator: kindege kinapaa kwenye skrini, kizidisho cha dau kinapanda nacho, na mchezaji anatakiwa kutoa pesa yake kabla hakijatoweka. Mechi ya kandanda huchukua dakika 90. Mzunguko wa kindege hiki huisha kwa sekunde chache, na mwingine huanza papo hapo. Kwa ubongo uliokwisha kunaswa, hiyo ni tofauti kubwa kuliko zote. Tarehe 29 Aprili 2025 mwenyekiti wa Bodi, Dkt. Jane Mwikali Makau, alisimamisha matangazo yote ya kamari kwa siku 30. Ilikuwa amri kubwa ya mwisho ya Bodi, na kwa maoni yangu ilikuwa miongoni mwa bora zake, kwa sababu ilianza na madhara kwa mchezaji na si na leseni ya mwenye mchezo. Siku hizo zilipokwisha masharti mapya yakawakataza watu mashuhuri kuinadi kamari.

Miezi michache baadaye sheria mpya ikaunda Mamlaka ya Kudhibiti Kamari. Inarithi faili, leseni na kesi. Inarithi pia kitu ambacho waanzilishi wa 1966 wasingeweza kukiwaza. Tangu mwishoni mwa 2022, Mamlaka ya Ushuru (KRA) imekuwa ikiiunganisha mifumo ya kampuni za kubashiri na yake, kodi ikilipwa kila siku. Tangu Julai 2025, ushuru wa asilimia 5 hukatwa pesa zinapoingia katika akaunti ya kubashiri, na asilimia 5 nyingine zinapotolewa. Serikali basi ina uwezo wa kujua kila usiku ni kiasi gani kimepita. Fungu la tiba linaweza kukatwa usiku huo huo na kupelekwa Hospitali ya magonjwa ya akili ya Mathari na hospitali za kaunti, kuwalipa washauri nasaha na madaktari wa akili wanaoujua ugonjwa huu, na kugharimia nambari ya simu ya bure inayopokelewa na mtu na si mashine. Kanuni za Mamlaka mpya ya kamari zinapoandikwa, asilimia hiyo itajwe kwa tarakimu na hospitali zitajwe kwa majina, mapema, kabla Mamlaka nayo haijazoea kuhesabu leseni pekee.