Namna Streptokokasi Inavyokwepa Kinga ya Mwili: Historia ya Swali Moja la Kitabibu, 1924–2006

Mwaka 1924, daktari mpasuaji Frank Meleney alichapisha maelezo ya wagonjwa 20 wa Beijing ambao ngozi na tishu zao laini zilioza kwa kasi kutokana na streptokokasi. Maelezo hayo yalidhihirisha ukali wa ugonjwa, lakini swali la kwa nini kinga ya mwili hushindwa kuuzuia lilibaki wazi. Makala hii inafuatilia majibu ya swali hilo. Inadai kwamba jibu la kwanza, ingawa lilikuwa sahihi, lilihusu sehemu moja tu ya tatizo.

Jibu hilo lilitoka New York. Mwaka 1928, Rebecca Lancefield wa Taasisi ya Rockefeller alieleza protini ya juu ya ukuta wa bakteria, ijulikanayo kama protini M. Ilibainika kuwa bakteria wenye protini hiyo humea katika damu ya binadamu isiyo na kingamwili mahususi, ilhali wasio nayo humezwa na seli nyeupe. Mwaka 1937 ikathibitika kuwa ala ya nje ya bakteria hao ni asidi ya hayaluroniki, dutu iliyomo pia katika tishu za binadamu. Kwa hiyo si rahisi mwili kuiona kuwa ngeni. Kwa mtazamo huo, kukwepa kinga kulimaanisha kutomezeka.

Hata hivyo, palikuwa na pengo. Mpasuaji anapofungua tishu zilizooza, mara nyingi hukuta majimaji membamba badala ya usaha mzito, na seli nyeupe huweza kuwa chache mahali penye bakteria wengi. Kutomezeka hakuelezi kwa nini mmezaji mwenyewe hakufika.

Mwaka 1985 kilielezwa kimeng'enya cha streptokokasi kinachokata C5a, ishara ya kikemikali inayoziita seli nyeupe. Mwaka 2004, watafiti wa Jerusalem walionyesha kuwa katika maambukizi makali ya tishu laini, bakteria hao huharibu pia interlukini 8, ishara nyingine ya wito. Mwaka huohuo, watafiti wa Berlin walieleza nyavu za DNA ambazo seli nyeupe huzitandaza ili kunasa bakteria. Kufikia 2006 ilikwisha kuonyeshwa kuwa streptokokasi huzikata nyavu hizo kwa vimeng'enya vyake. Hivyo basi, dhana ya kukwepa ilipanuka: bakteria huzuia wito, huvunja mtego, na humponyoka mmezaji anayefika.

Mabadiliko haya si ya nadharia pekee. Aina za protini M zinazojulikana leo ni zaidi ya 200, na kinga dhidi ya aina moja kwa kawaida haitoshi dhidi ya nyingine. Aidha, hofu kwamba chanjo ingeweza kuchochea homa ya baridi yabisi ilisababisha Marekani kuweka katazo mwaka 1979, lililoondolewa mwaka 2005. Hadi sasa hakuna chanjo iliyoidhinishwa. Uhai wa mgonjwa hutegemea upasuaji wa mapema na viuavijasumu.

Kwa kuhitimisha, historia hii haionyeshi kwamba Lancefield alikosea. Inaonyesha kwamba ushahidi wa maabara, uliotokana na damu ndani ya chupa, ulihitaji kusomwa pamoja na ule wa meza ya upasuaji. Chanjo itakayotegemea protini M peke yake italenga silaha moja ya adui mwenye silaha nyingi.