Saa ya Usiku Huuzwa kwa Kipimo Gani?

Mtaalamu wa mifumo ya kompyuta aliyeajiriwa benki, wizarani au kwenye kampuni ya simu akipata mteja wa pembeni, kinachomsumbua kwanza ni bei. Usumbufu huo ni mmoja dunia nzima, ila kila nchi imeuzoea kwa kipimo chake. Mmarekani hutaja bei kwa saa, Mfaransa hutaja kwa siku. Kampuni za Japani zimezoea kukadiria kwa mwezi wa mtu mmoja. Dar es Salaam, Mombasa na Nairobi tunataja kazi nzima: mfumo huu ni shilingi ngapi, na utakuwa tayari lini? Ukivitazama vipimo hivi kwa makini utaona kwamba kila kimoja kimeshaamua nani atabeba hasara kazi ikirefuka. Kwa mwenye ajira hilo ni jambo kubwa, maana anachouza ni saa zile chache zilizobaki baada ya mwajiri kuchukua zake.

Marekani hesabu huanzia kwenye mshahara. Mwaka wa kazi huko huhesabiwa kuwa saa 2,080, yaani wiki 52 za saa 40. Mtu hugawa mshahara wake wa mwaka kwa idadi hiyo, akapata thamani ya saa yake ofisini, kisha akaongeza. Kuongeza huko kuna msingi. Mwajiriwa hulipa nusu ya michango ya hifadhi ya jamii na ya Medicare (bima ya afya ya wazee), na mwajiri hulipa nusu ya pili. Anayejiajiri hubeba nusu zote mbili, na kiwango chake ni asilimia 15.3. Hana likizo yenye malipo, na bima ya afya hujinunulia. Ndiyo maana saa ya mtu wa kandarasi huwa ghali kuliko saa ya mshahara, na wateja wa huko hawaoni ajabu.

Ufaransa nako bei inabeba michango, lakini kwa njia nyingine. Tangu tarehe 1 Januari 2009 mtu yeyote, hata mwenye ajira, anaweza kujiandikisha kama mjasiriamali binafsi kwa utaratibu mwepesi, na akalipa michango kulingana na mauzo yake. Asipouza, halipi. Akiuza, zaidi ya moja ya tano ya ankara huenda kwenye mfuko wa jamii, ingawa mshahara wake umeshakatwa michango ya aina hiyohiyo. Bei yenyewe hutajwa kwa siku, na ndani ya siku hiyo mna kikao, kufikiri, kuandika programu na kurekebisha makosa. Mteja hahesabu dakika. Uzuri wake ni heshima: mtaalamu anaaminiwa siku nzima. Kasoro yake kwa mwajiriwa ni kwamba siku nzima hana; ana Jumamosi, na usiku wa katikati ya wiki.

Tofauti ya nchi hizi mbili inagusa suala ambalo kwa maoni yangu ndilo zito kuliko yote. Marekani, bima ya afya imefungamana na ajira tangu miaka ya vita, pale serikali ilipodhibiti mishahara mwaka 1942 na kampuni zikaanza kuvutia wafanyakazi kwa bima badala ya nyongeza. Matokeo yake, watu wawili wenye ujuzi sawa wanaweza kumpelekea mteja mmoja bei mbili zilizoachana sana. Anayeishi kwa kazi za kujitegemea lazima aweke bima, pensheni na miezi mikavu ndani ya bei yake. Mwenye ajira hahitaji, mwajiri ameshamlipia. Anaweza kushusha bei na bado akaona amepata faida, kumbe mwajiri wake ndiye anayemlipia mteja sehemu ya gharama bila kujua. Ufaransa, kwa kuwa michango inakatwa kwenye kila ankara, pengo hilo hupungua, ingawa haliishi. Kwetu pengo ni kubwa, na hakuna anayelizungumza: kijana mwenye mshahara wa benki anatengeneza tovuti kwa bei ya nauli, na jirani yake asiye na ajira, anayelisha familia kwa kazi hiyohiyo, anakosa wateja.

Japani imefika kwenye kazi ya pembeni kwa barabara ndefu. Kwa miaka mingi kanuni za mfano za ajira zilizotolewa na wizara ya kazi zilikuwa na kifungu kilichomzuia mwajiriwa kufanya kazi ya kampuni nyingine bila ruhusa. Januari 2018 wizara ilikibadilisha: sasa mfano wenyewe unasema mfanyakazi anaweza kufanya kazi nyingine nje ya saa zake, na kampuni ibaki na haki ya kumzuia pale siri zinapovuja, anaposhindana nayo au kazi yake inapoharibika. Hata hivyo kipimo kikuu cha sekta ya programu huko kimebaki mwezi wa mtu mmoja: mradi huu ni miezi ishirini ya mtu mmoja, zidisha kwa bei ya mwezi. Kipimo hicho kina nidhamu yake, kwani kampuni kubwa na wakandarasi walio chini yake, ngazi kwa ngazi, wanazungumza hesabu moja. Lakini kilishakosolewa mapema. Fred Brooks, aliyesimamia uundaji wa mfumo wa OS/360 katika kampuni ya IBM, aliandika mwaka 1975 kwamba watu na miezi havibadilishani, na kwamba kuongeza watu kwenye mradi uliochelewa huuchelewesha zaidi. Mwenye ajira anaushuhudia ukweli huo mwilini mwake: saa mbili za usiku baada ya foleni ya kutoka kazini si sawa na saa mbili za asubuhi.

Ujerumani inalishughulikia hilo la mwili kwa sheria. Sheria yao ya likizo ya mwaka 1963 inamkataza mwajiriwa kufanya, wakati wa likizo, kazi ya malipo inayopingana na lengo la likizo, yaani kupumzika. Kwa maneno mengine, kuna saa ambazo huko haziuzwi kwa bei yoyote. Kwetu Tanzania likizo ya siku 28 ndiyo mara nyingi inayomalizia mfumo wa mteja. Sisemi Mjerumani ana busara kuliko sisi. Mshahara wake na wetu havibebi mizigo sawa, wala havisomeshi idadi sawa ya ndugu. Ila swali lake linafaa kuulizwa na kila anayepanga bei: saa zipi hazimo sokoni?

Sasa tuje nyumbani. Mtaalamu wa kompyuta wa Afrika Mashariki amerithi bei ya fundi. Fundi seremala au fundi ujenzi hatozi saa. Anaiangalia kazi, anatenganisha vifaa na ufundi, anataja pesa ya ufundi, mnavutana kidogo, anachukua advansi, anaanza. Utaratibu huu una hekima ambayo bei ya saa haina. Mteja anajua mwisho wa matumizi yake tangu siku ya kwanza, na fundi hodari anayemaliza haraka hapati kidogo kuliko mzembe anayejivuta. Mmarekani anayetoza saa anaadhibiwa kwa wepesi wake. Fundi wetu anavuna.

Lakini seremala anajua mlango utaishia wapi. Programu haina fremu. Mwenye duka la dawa Kinondoni anaandika WhatsApp: "Kaka, nataka mfumo wa stoku na mauzo, simpo tu. Laki tano inatosha?" Ukikubali, wiki ya tatu anakuja na lingine: "Kaka, na ule ujumbe wa kuwakumbusha wanaodaiwa utaweka, si ndiyo?" Baadaye ataomba tawi la pili, halafu ripoti ya mhasibu. Kila ombi ni dogo, na kila moja linaombwa kwa upole wa kujuana. Advansi imeliwa, usiku umekwisha, na "tutamalizana" haina tarehe. Katika bei ya kazi nzima, hasara ya kurefuka ni ya fundi peke yake.

Tunacho kipimo chetu wenyewe cha kutuokoa, nacho kimo kwenye Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004. Saa za kawaida hazizidi 45 kwa wiki, na saa ya ziada hulipwa si chini ya mara moja na nusu ya saa ya kawaida. Chukua mshahara wa shilingi 1,950,000 kwa mwezi. Mwezi una takriban saa 195 za kazi, hivyo saa ya ofisini ni shilingi 10,000. Mwajiri akikuhitaji usiku, sheria inamtaka akulipe 15,000. Kwa nini basi mteja wa pembeni, anayechukua usiku uleule na uchovu uleule, alipe chini ya hapo? Hiyo ndiyo sakafu, kabla ya bando, umeme na kompyuta yako inayochakaa.

Rudisha hesabu hiyo kwa duka la dawa. Kuandika na kujaribu mfumo, tuseme saa 60. Vikao, simu na kumfundisha muuzaji, saa 20. Laki tano kwa saa 80 ni shilingi 6,250 kwa saa, chini ya mshahara wako wa mchana. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari linalokosekana hapa ni la saa. Mteja hana haja ya kuliona. Yeye mtajie kazi nzima kama fundi alivyozoea kutaja, maana ndiyo lugha ya soko letu na ina adabu yake. Wewe ihesabu kwa saa chumbani kwako kama Mmarekani, na uandike kwenye karatasi moja kilichomo na kisichokuwemo.

Mengine ni mafupi. Soma mkataba wako wa ajira kabla ya kutaja bei. Mkataba ukidai ruhusa, iombe kwa maandishi, na usitumie kompyuta ya ofisi hata kwa dakika kumi. Mteja akiwa kampuni, Tanzania na Kenya, tarajia akate kodi ya zuio ya asilimia 5 kwenye malipo yako, na umdai hati ya makato hayo. Kwa kazi ya Kinondoni, bei isishuke chini ya shilingi 1,200,000, nusu yake ilipwe kabla ya kufungua kompyuta, na ujumbe wa wadaiwa uwe na bei yake.