Kupungua kwa nguvu za injini ya lori wakati wa joto
Kupungua kwa nguvu za injini ya lori wakati wa joto ni hali ya injini ya dizeli kuvuta mzigo kwa shida jua linapokuwa kali, hasa kwenye milima kama Kitonga, mkoani Iringa. Hewa ya nyuzi 40 za Selsiasi ina oksijeni pungufu kwa takriban asilimia 6 kuliko ya nyuzi 20 kwa ujazo uleule. Fundi huanza na mambo mepesi: filta ya hewa iliyoziba kwa vumbi, mpira wa tabo uliopasuka na kuacha alama ya oili, rejeta iliyojaa wadudu, feni isiyoshika. Injini nyingi za kisasa hujipunguzia dizeli zenyewe joto likizidi. Rejeta ya moto isifunguliwe kamwe. Maji yake huunguza.