Historia ya Unga wa Wino

Mwezi wa Julai, majani yakiisha kukauka huku Kasongo, chukueni kitana cha plastiki mkisugue katika nywele, kisha mkisogeze karibu na vipande vidogo vya karatasi. Vitaruka na kushikamana nacho. Rudieni jambo hilo mwezi wa Novemba, mvua ikiwa imenyesha siku tatu: havisogei. Kitana ni kile kile, mkono ni ule ule. Kilichobadilika ni hewa. Unyevu umekinyang'anya kitana umeme wake.

Naanza na kitana kwa sababu ya hati moja ya ubatizo. Binti mmoja wa upande wa Kabambare alitaka kufunga ndoa mbali na kwao. Hati yake ilinakiliwa kwa mashine, siku za mvua. Karatasi ikatoka na ukungu wa kijivu mahali pote, kama iliyoanikwa juu ya moshi, na mwaka wa kuzaliwa haukujulikana kama waishia na 3 au na 8. Ofisi iliyoipokea ikaikataa, arusi ikaahirishwa. Mwenye mashine alisema karatasi ni mbovu. Jirani yake akasema wino ndio mbovu. Kumbe wote wawili walikuwa na sehemu ya kweli.

Wino wa mashine hizo si maji, ni unga. Tena ni unga unaotembea kwa umeme.

Wazee wetu walikijua kitu cha namna hiyo. Katika karne ya 19, pembe za ndovu zilizotoka Kasongo zikapita Kabambare mpaka ziwa Tanganyika, zilipofika Unguja zilikuta bandarini bidhaa nyingine, sandarusi, ule utomvu mgumu uliochimbwa ardhini pwani ya Mrima na kupelekwa Ulaya na Marekani kutengenezea vanishi. Sandarusi ikisuguliwa huvuta vumbi, kama kitana. Huko Göttingen, Ujerumani, mwalimu Lichtenberg alikuwa ameona ajabu mwaka 1777. Alikuwa na bamba kubwa la utomvu lenye umeme. Vumbi lilipoanguka juu yake halikutawanyika ovyo, bali lilijipanga kama nyota. Alikandamiza karatasi, na nyota zikahamia kwenye karatasi. Kunakili barua hakukuwa shauri lake, basi jambo likalala miaka 160.

Aliyeliamsha ni Chester Carlson, Mmarekani aliyefanya kazi ya hati za uvumbuzi huko New York. Kila siku alihitaji nakala, na kuandika kwa mkono kulimchosha, maana alikuwa na maumivu ya viungo. Tarehe 22 Oktoba 1938, katika chumba cha kupanga mtaa wa Astoria, yeye na msaidizi wake Otto Kornei walichukua bamba la zinki lililopakwa salfa. Wakalisugua kwa leso ili lipate umeme, wakaweka juu yake kioo kilichoandikwa tarehe na jina la mtaa, wakaangaza taa. Mahali palipopigwa na mwanga umeme ulikimbia. Chini ya maandishi ukabaki. Wakanyunyiza unga mwepesi wa mmea uitwao likopodio, wakapuliza. Maandishi yakabaki! Wakayahamishia kwenye karatasi yenye nta, wakaipasha moto.

Ilibaki kazi ya miaka 21. Mashine iitwayo Xerox 914, ya kwanza kufaulu sokoni kwa karatasi za kawaida, ilitoka mwaka 1959. Ilipitisha karatasi penye joto kali hata ikawekewa kizimamoto. Na unga ulikuwa umebadilika: likopodio ilikwisha kuachwa, mahali pake ukaja unga wa plastiki na masizi. Plastiki huyeyuka na kushika karatasi, masizi hutia weusi. Unga huo ulichanganywa na chembe kubwa zaidi, vikasuguana katika mashine kama leso na salfa, na kila punje ikapata umeme wake.

Hapo ndipo penye taabu. Umeme ukizidi, kama wakati wa hewa kavu, unga hung'ang'ania chembe zake na maandishi hutoka hafifu. Umeme ukipungua, kama wakati wa mvua, unga haushikwi barabara. Huanguka hata mahali peupe, na huo ndio ukungu wa kijivu. Punje zenye umeme usio sawa huleta ukungu vilevile. Basi wataalamu waliongeza dawa za kutuliza umeme: rangi nyeusi iitwayo nigrosini kwa unga wa umeme chanya, dawa zenye madini kwa ule wa umeme hasi. Wakaupaka unga silika laini sana, iliyotengenezwa isipende maji, ili utiririke vizuri na unyevu usiushike. Zamani plastiki ilisagwa tu, punje zikawa na pembe na ukubwa mbalimbali. Siku hizi viwanda vingi huzikuza punje katika maji mpaka zilingane, kila moja kama mikroni 6, yaani 160 na zaidi kwa upana wa milimita moja.

Kumbe unga wa kujazia ununuliwao kwa bei rahisi, ukichanganywa na mabaki ya unga wa namna nyingine, huenda ukasuguana nayo vibaya, punje hizi zikapata umeme mwingi na zile kidogo. Jirani alisema kweli. Na karatasi iliyolala nje ya bahasha yake usiku wa mvua hupoteza umeme unaopaswa kuuvuta unga. Mwenye mashine naye alisema kweli. Mimi sasa naweka karatasi zetu katika debe lenye kifuniko.

Hati ya yule binti haikungoja kiangazi. Padre alifungua kitabu cha ubatizo, akaiandika upya kwa kalamu, tarakimu kwa tarakimu, akapiga muhuri.